Saratani ya mapafu ikishukiwa: picha ipi ipigwe lini, na ya zamani inalinganishwaje na mpya

Mgonjwa aliyekohoa miezi miwili Rombo, Same au Karatu mara nyingi hufika Moshi au Arusha na bahasha yenye eksirei moja, majibu ya maandishi ya mkono, na neno moja alilolishika: "uvimbe". Kuanzia hapo ndugu huanza kuchangishana, na kila mmoja ana kipimo anachokipigia debe. Huyu anataka CT leo leo, yule amesikia Nairobi kuna mashine "inayoona kansa yote mwilini". Kuna picha ya bei ya kawaida na kuna picha ya kuuzia ng'ombe, na hiyo ya pili haijibu kila swali lililoishinda ya kwanza.

Hakuna picha yoyote, ya bei yoyote, inayothibitisha saratani ya mapafu. Eksirei inaonyesha kwamba kuna kitu. CT, yaani eksirei ya vipande vipande inayopangwa na kompyuta, inaonyesha kipo wapi, kina sura gani na kimegusa nini. PET-CT inaonyesha kama kitu hicho kinakula sukari kwa kasi, na kama kuna vingine mwilini vinavyofanya hivyo. MRI, picha ya sumaku, ni ya ubongo, uti wa mgongo na neva. Kinachothibitisha ni kinyama au majimaji yaliyosomwa kwa darubini na mtaalamu wa patholojia. Kwa hiyo picha ina kazi mbili: kupima uzito wa shaka, na kumwonyesha daktari mahali pa kuchukua kinyama na ugonjwa umefika mbali kiasi gani. Kipimo kisichobadilisha lolote katika hayo kiulizie kabla hujakilipia.

Anza na fomu na kikopo cha makohozi

Huku kwetu TB ni nyingi, na inajua kujifanya saratani: kinundu sehemu ya juu ya pafu, tundu ndani ya uvimbe, tezi zilizovimba, damu kwenye makohozi, nguo kulegea kiunoni. Kinyume chake hutokea pia. Mtu anatibiwa TB miezi kadhaa bila vimelea kuonekana, kumbe tangu mwanzo ilikuwa saratani. Na magonjwa haya mawili yanaweza kukaa kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu makohozi ya GeneXpert, mashine ya kutafuta vimelea vya TB, yatolewe kabla ya eksirei au siku hiyo hiyo, yasisubiri CT. Kipimo na dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali. Aliyeanzishiwa dawa kwa sababu ya picha tu, bila vimelea kupatikana, akifikisha miezi miwili hana nafuu, asiambiwe "maliza dozi tuone". Shaka ya saratani ifunguliwe upya.

Fomu ya kipimo ni ya pili. Inayosema "eksirei ya kifua, kikohozi" inarudi na jibu la uzito huo huo. Daktari wa kituo cha afya akitumia dakika mbili zaidi akaandika umri, kikohozi kimeanza lini, damu ipo au haipo, kilo zilizopungua, sigara ngapi kwa siku kwa miaka mingapi, TB ya zamani na mwaka wake, hali ya VVU, na kazi, msomaji wa picha anajua anatafuta nini. Kazi ina uzito wa pekee ukanda huu. Aliyefanya kazi kwenye mashimo ya tanzanaiti Mererani amevuta vumbi la silika, na vumbi hilo huacha vinundu vidogo vingi juu ya mapafu yote mawili, ambavyo baadaye vinaweza kuungana vikawa kama uvimbe mkubwa. Kwenye picha isiyo na maelezo, uvimbe huo unaweza kusomwa kuwa saratani. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, inawajua wagonjwa hawa vizuri kwa kuwa ndiyo iliyobobea kwenye TB na magonjwa ya kifua ya wachimbaji.

Sigara isipokuwepo, shaka isifutwe. Miaka mingi ya kupika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha nayo iandikwe kwenye fomu.

Eksirei: nafuu, ya haraka, na ina mahali isipoona

Eksirei ipigwe kwanza, kwa kila mtu. Inapatikana hadi hospitali za wilaya, na mionzi yake ni kidogo mno: picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, ni takribani milisiverti 0.1, wakati mionzi ya asili peke yake humpa binadamu wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka. Omba zote mbili. Ya ubavuni huachwa mara nyingi ili kuokoa filamu, na ndiyo inayoonyesha nyuma ya moyo.

Picha yenyewe ikaguliwe ubora kabla mgonjwa hajaondoka chumbani. Asimame, kifua kikigusa kaseti ya filamu, mionzi ikitokea mgongoni. Aliyepigwa amelala, mionzi ikitokea mbele, moyo wake unaonekana mkubwa kuliko ulivyo na unafunika pafu. Avute pumzi mpaka mwisho: mbavu za nyuma zihesabike tisa au kumi juu ya kiwambo cha kulia, msuli unaotenga kifua na tumbo. Ncha za ndani za mitulinga ziwe umbali sawa na mstari wa uti wa mgongo, la sivyo amejipinda na upande mmoja utaonekana mweupe bila ugonjwa. Nywele za kusuka zinyanyuliwe zifungwe juu. Msuko ulioangukia begani hutoa kivuli kwenye ncha ya pafu, mahali pale pale TB na saratani zinapopenda kukaa. Mikufu, hirizi na sidiria ziondolewe. Na chuchu ya mwanaume au mwanamke inaweza kuonekana kama kinundu cha duara sehemu ya chini ya pafu. Dawa yake ni kubandika kialama kidogo cha chuma kwenye chuchu na kurudia picha moja, bei ndogo kuliko CT.

Sasa mipaka yake. Katika watu wenye saratani ya mapafu, eksirei huikosa kwa takribani mmoja kati ya watano. Kinundu chini ya sentimita moja ni vigumu kukiona. Hata kikubwa hujificha nyuma ya moyo, nyuma ya mtulinga na ubavu wa kwanza, chini ya mzunguko wa kiwambo, na kwenye mzizi wa pafu ambako mishipa mikubwa inapita. Kwa hiyo majibu "eksirei ni safi" hayamfungii faili mtu wa miaka 55 mvutaji anayetema damu. Huyo aende CT hata kama picha haina doa.

Kuna hali nyingine inayopotosha: nimonia. Kivuli cheupe chenye homa hutibiwa kwa antibayotiki, na ni sawa. Kosa ni kutorudia eksirei baada ya wiki sita. Nimonia isiyofutika, au inayorudi sehemu ile ile ya pafu, huenda ina uvimbe unaoziba njia ya hewa nyuma yake.

Tahadhari ya Kilimanjaro hasa: kivuli juu katikati ya kifua kinachosukuma njia kuu ya hewa upande mmoja kinaweza kuwa goita iliyoshuka nyuma ya mfupa wa kifua. Mwambie mgonjwa ameze mate huku ukimshika shingo kabla ya kuanza kuzungumzia kansa.

CT: hapa ndipo pesa ikae

Kama familia ina uwezo wa kipimo kimoja kikubwa, kiwe CT ya kifua iliyopigwa vizuri. CT zipo Moshi na zipo Arusha, hospitali ya KCMC ya Moshi ikiwa mojawapo, ila piga simu kwanza kuuliza kama mashine inafanya kazi wiki hiyo na kama kuna bingwa wa radiolojia wa kuisoma. Mwenye bima aulize mapema kama kadi yake inabeba CT yenye kontrasti na kama inahitaji kibali. Watu husafiri kutoka Babati wakakuta kibali hakijatoka.

Ombi lililo kamili linasema hivi: CT ya kifua yenye kontrasti, kuanzia chini ya shingo hadi ini na tezi zilizo juu ya figo, vipande vyembamba. Kila neno lina sababu. Chini ya shingo kuna tezi juu ya mtulinga, ambazo zikiwa na ugonjwa ndizo rahisi kuliko zote kuchomwa sindano. Ini na tezi za juu ya figo ni mahali saratani ya mapafu hupenda kwenda, na ukikomea kwenye mbavu utalazimika kurudi kulipa tena. Vipande vyembamba maana yake milimita 1 hadi 1.5. Kipande cha milimita 5 kinachanganya kinundu cha milimita 4 na hewa inayokizunguka, kikatoka kama kivuli hafifu au kisionekane kabisa.

Kontrasti ni dawa yenye madini ya ayodini inayoingizwa mshipani, kwa mtu mzima mara nyingi kati ya mililita 70 na 100. Bila hiyo, tezi katikati ya kifua na mishipa ya damu vina rangi moja, huwezi kusema kipi ni kipi. Ikiwa kinachotakiwa ni kufuatilia kinundu kidogo tu, kontrasti haihitajiki, na mtu asilipishwe wala asichomwe.

Maandalizi: kipimo cha kreatinini cha karibuni, ili kukokotoa uwezo wa figo. Ukishuka chini ya 30, daktari apime faida na madhara, na anayetumia metformin, dawa ya kisukari, aisimamishe siku hiyo na saa 48 zinazofuata mpaka figo zipimwe tena. Figo zikiwa nzuri, metformin haina shida. Aliyewahi kupata mzio wa kontrasti yenyewe aseme, kwa kuwa hilo ndilo linalobadilisha mpango. Mzio wa samaki au kamba si sababu ya kunyimwa kipimo, ingawa bado utasikia ukiulizwa mlangoni. Mwenye goita au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi naye aseme, maana ayodini nyingi inaweza kuichochea. Mwanamke anayeweza kuwa mjamzito apime kwanza. Kanula iwe kwenye mshipa mzuri wa kiwiko, si wa kiganja, kwa kuwa mashine inasukuma dawa kwa kasi. Dawa ikiingia mwili unapata joto hadi sehemu za siri na ladha ya chuma mdomoni. Wengi hudhani wamejikojolea. Hayo hupita kwa dakika moja. Mkono ukiuma na kuvimba palipo na kanula, piga kelele hapo hapo, dawa inamwagikia nje ya mshipa.

Kuzuia pumzi ni kama sekunde kumi. Mgonjwa afanye mazoezi akiwa bado kwenye benchi. Anayekohoa katikati ya picha anaharibu vipande vya chini ya pafu, na picha iliyotikisika huzaa vinundu visivyokuwepo.

Majibu yakitoka, angalia kama yana mambo haya. Ukubwa kwa milimita, pande mbili. Kitu cha hadi sentimita 3 huitwa kinundu; zaidi ya hapo ni uvimbe mkubwa, na shaka ya saratani hupanda sana. Kingo: laini au zenye miba inayoingia kwenye pafu, miba ikiongeza shaka. Chokaa: iliyojaa kinundu chote, au iliyokaa katikati, ni dalili nzuri, mara nyingi kovu la TB ya zamani, chokaa iliyokaa pembeni au ya nukta nukta haimtoi mtu kwenye hatari. Mafuta ndani ya kinundu karibu kila mara ni uvimbe usio wa saratani. Tezi za katikati ya kifua zipimwe upande mfupi. Zikizidi milimita 10 zinahesabiwa zimekua, japokuwa kwa jirani zetu wengi zimekua kwa TB au vumbi. CT peke yake haiwezi kuzitenganisha, na bingwa anayeandika "tezi zenye saratani" bila kinyama amekwenda mbele ya ushahidi.

Mionzi ya CT ya kifua ni takribani milisiverti 7, kama miaka mitatu ya ile ya asili. Kwa mtu anayeshukiwa saratani hiyo si hoja ya kuikataa. Ni hoja ya kutoirudia hospitali ya pili kwa sababu CD imesahaulika nyumbani.

Altrasaundi

Haioni ndani ya pafu lenye hewa, basi hudharauliwa. Lakini pafu likiwa na maji pembeni, altrasaundi ndiyo bora ya kuyapima na kuonyesha mahali pa kupitisha sindano, na maji hayo yakipelekwa maabara yanaweza kutoa jibu la saratani bila CT kabisa. Wapeleke mililita 50 au zaidi, siyo kijichupa cha tano. Uvimbe unaogusa ukuta wa kifua na tezi za shingoni navyo huchukuliwa kinyama kwa altrasaundi, bila mionzi na kwa bei ndogo. Mwambie daktari ashike shingo ya mgonjwa kwa vidole kabla ya kuandika kipimo kingine.

PET-CT na shida yake kwenye nchi yenye TB

Hapa mgonjwa huchomwa sukari yenye mionzi, FDG, halafu mashine hutafuta inakolimbikizwa. Seli za saratani hula sukari nyingi, hivyo huwaka. FDG hupungua nusu kila dakika 110, ndiyo maana haisafirishwi mbali na kipimo hiki hakiwezi kuwa kila mkoa. Kutoka Arusha watu wengi huvuka Namanga kwenda Nairobi, ambako mashine zipo Aga Khan University Hospital na hospitali ya rufaa ya Kenyatta University. Kwa upande wa Dar es Salaam, daktari aulize taasisi ya saratani ya Ocean Road kabla ya kuandika rufaa.

Tatizo ni kwamba TB hai nayo inawaka. Fangasi za mapafu zinawaka. Vinundu vya vumbi la mgodini vinaweza kuwaka. Kwenye maeneo yenye magonjwa mengi ya kuambukiza ya mapafu, uwezo wa PET wa kumwondolea shaka mtu asiye na saratani umeonekana kushuka kutoka takribani asilimia 77 hadi 61. Na kwa upande mwingine, vinundu chini ya milimita 8 na baadhi ya saratani zinazokua polepole haziwaki. Anayekwenda Nairobi ili "kujua kama ni TB au kansa" anaweza kurudi na swali lile lile na deni juu yake.

Mahali pake halisi ni baada ya kinyama kuthibitisha saratani, pale upasuaji au mionzi ya kuponya inapofikiriwa. Hapo inaonyesha kama ugonjwa umeshatoka kifuani, na inaweza kumwokoa mtu na upasuaji usio na faida. Kama tayari kuna maji yenye seli za saratani au ini limeshambuliwa, PET haitabadilisha matibabu. Pesa hiyo iende kwenye dawa.

Akienda: asile saa sita kabla, maji matupu yanaruhusiwa, asifanye kazi ngumu wala kukimbia siku iliyotangulia. Sukari ya damu iwe chini ya milimoli 11 kwa lita, vinginevyo atarudishwa. Mwenye kisukari apange na daktari kuhusu dawa zake kabla hajapanda basi. Baada ya sindano atalala kimya kama saa moja. Kuzungumza na kutafuna huwasha misuli ya shingo ikaonekana kama ugonjwa. Siku hiyo akae mbali na watoto wadogo na wajawazito kwa saa kadhaa, anywe maji mengi, na ni afadhali alale Nairobi kuliko kubanana kwenye basi dogo la jioni.

MRI

Ubongo kwa kawaida hula sukari nyingi, hivyo PET haioni vizuri ndani yake. Saratani ya mapafu iliyothibitishwa, hasa ile ya seli ndogo au mtu anayeumwa kichwa, kuona viwili au kupata degedege, inadai MRI ya ubongo. Ikikosekana, CT ya kichwa yenye kontrasti ni bora kuliko kutofanya kitu. Uvimbe wa ncha ya pafu unaosababisha maumivu ya bega na mkono pia ni kazi ya MRI. Kwa pafu lenyewe CT inaishinda. Mgonjwa wa kifua ambaye miguu inalegea ghafla au mkojo unaziba hasubiri foleni: uti wa mgongo unabanwa, na kila saa ina thamani. Vivyo hivyo anayevimba uso na shingo asubuhi. Huyo apelekwe hospitali ya rufaa siku hiyo.

Kulinganisha picha ya zamani na mpya

Hapa ndipo shilingi haiongezwi na ndipo majibu mengi hupatikana. Kinundu kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili kwa karibu kila mtu si saratani. Mgonjwa mwenye eksirei ya 2021 chini ya godoro anaweza kuwa amelalia jibu lake. Kabla ya safari, ndugu wapekue: eksirei ya ajira, ya viza, ya ajali ya bodaboda, ya TB ya zamani. Zote zije.

Linganisha kitu kwa kitu kinacholingana. Eksirei ya kusimama na ya kusimama, CT na CT. Madirisha, yaani mpangilio wa mwanga wa picha, yawe yale yale kwenye skrini: la mapafu kwa kinundu, la nyama laini kwa tezi, kwa kuwa kinundu kile kile huonekana kikubwa kwenye dirisha la mapafu. Unene wa vipande uandikwe. Kinundu kilichokuwa hafifu kwenye milimita 5 kikaonekana wazi kwenye milimita 1 hakijakua, kimeonekana tu. Na usilinganishe na picha ya juzi peke yake. Anza na ya zamani kuliko zote. Uvimbe unaokua polepole huonekana "haujabadilika" kila miezi mitatu kwa mwaka mzima, huku umekua.

Vipimo hufanywa hivi: chagua kipande ambacho kinundu ni kikubwa zaidi, pima urefu, pima upana wake wa kukatiza, jumlisha, gawa kwa mbili. Tuseme Januari kilikuwa milimita 12 kwa 8, wastani 10. Julai ni 15 kwa 11, wastani 13. Milimita tatu zinasikika ndogo, lakini ujazo ni zaidi ya mara mbili, kwa sababu kipenyo kikiongezeka asilimia 26 tu ujazo umeshajirudia. Kujirudia kwa miezi mitano hivi kunaangukia ndani ya mwendo wa saratani nyingi za mapafu, ambazo hujirudia kati ya mwezi mmoja na miezi kama kumi na tatu. Kinachojirudia kwa wiki mbili tatu kwa kawaida ni maambukizi. Mabadiliko chini ya milimita 2 yahesabiwe kuwa ya kipimo, si ya ugonjwa.

Mwongozo wa 2017 wa Fleischner Society, chama cha kimataifa cha mabingwa wa picha za kifua, unasema, kwa kinundu kigumu kimoja: chini ya milimita 6 kwa mtu asiye na hatari kubwa hakihitaji ufuatiliaji, kati ya 6 na 8, CT baada ya miezi 6 hadi 12, zaidi ya 8, CT ya miezi mitatu, PET au kinyama. Ni kipimio kizuri, lakini hakikuandikwa kwa kila mtu. Hakimhusu aliye chini ya miaka 35, mwenye saratani tayari, wala mwenye kinga iliyoshuka. Mtu anayeishi na VVU mwenye kinga ndogo asiambiwe arudi baada ya mwaka kwa kufuata jedwali hilo. Kinundu chake kinaweza kuwa TB, kriptokoka (fangasi) au limfoma (saratani ya tezi), na vyote havisubiri.

Picha zenyewe: omba CD au flash yenye mafaili ya DICOM, yaani picha za mashine zenyewe, vipande vyote, siyo filamu yenye picha ishirini zilizochaguliwa. Filamu iliyopigwa kwa simu dhidi ya dirisha na kutumwa WhatsApp inafaa kwa salamu. Milimita zake haziaminiki. Fungua CD kwenye kompyuta kabla hujatoka dirishani, maana tupu hutolewa mara nyingi kuliko unavyodhani. Andika juu yake jina, namba ya faili na tarehe.

Kinyama, na pale kinapopingana na picha

CT ikishaonyesha njia, uchaguzi ni sindano kupitia ukuta wa kifua kwa uvimbe wa pembeni, au mpira wa kuangalia njia ya hewa kwa uvimbe wa katikati. Kwa sindano, mgonjwa aseme kama anatumia aspirini, klopidogreli au warfarini, dawa zinazozuia damu kuganda. Chembe sahani na mgando wa damu vipimwe. Hewa huvuja kifuani kwa takribani mmoja kati ya watano, wengi bila madhara makubwa. Eksirei irudiwe saa chache baadaye, na aliyetoka Loliondo au Lushoto asirudi usiku huo. Alale karibu na hospitali. Aliyevuja hewa asipande ndege KIA mpaka eksirei ionyeshe imeisha na wiki nzima imepita.

Muulize daktari swali moja kabla: kipande cha TB kinawekwa wapi? Kikitumbukizwa chote kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, vimelea vinakufa na haviwezi tena kuoteshwa. Kipande kimoja kiingie kwenye formalini kwa patholojia, kingine kwenye chupa safi yenye maji ya chumvi kwa GeneXpert na kuotesha. Kuchoma mara ya pili kwa sababu ya chupa ni hasara isiyo na sababu.

Majibu ya "hakuna saratani" yana uzito wa aina mbili. Yanayotaja ugonjwa mwingine kwa jina, kama TB yenye vimelea, yanatibiwa na picha irudiwe dawa zikiwa zimefanya kazi, kuhakikisha kinundu kinapungua. Yanayosema "inflammation" tu, yaani mwili unapambana na kitu kisichotajwa, au "sampuli haitoshi" hayajamwondolea mtu chochote ikiwa CT ina uvimbe wenye miba kwa mvutaji wa miaka 60. Hapo kinyama kirudiwe kwa njia nyingine. Ikishindikana, CT bila kontrasti baada ya miezi mitatu, kwenye mashine ile ile, kwa unene ule ule wa vipande, tarehe ikiwa imeandikwa kwenye kadi kabla mgonjwa hajatoka kliniki.